Mama Yunia Ameketi

Msichana aliyekuwa akituzungusha ukumbini alishika ufito mwembamba, na kila alipotaka tuone kitu aliigusa picha kwa ncha yake, jambo ambalo peke yake lilitosha kunipandisha mori. Tulikuwa kundi la walimu wastaafu, tuliofundisha shule moja hapa Kisumu, tumekutana baada ya miaka mingi kuulizana nani bado ana meno. Mmoja wetu alitoa wazo kwamba kabla ya kwenda kula samaki ufukweni tupite kutazama picha za zamani zilizotundikwa mjini. Nilikuwa nimeshaanza kuchoka nilipogeuka na kumkuta. Mwanamke ameketi kwenye kiti cha mbao, uso nusu kijani na nusu rangi ya udongo, jicho la kushoto kubwa kuliko la kulia, mabega yameelemea upande mmoja. Mikono yake, mikubwa kama makasia, imelala juu ya magoti. Chini ya magoti hakuna kitu, ila doa la kijivu pale miguu ilipostahili kuwa. Kibandiko ukutani kiliandikwa "Mjane". "Mnaona hapa?" akasema msichana, akilichokoa doa lile kwa ufito. "Huyu mama hana miguu. Msanii anatuambia mwanamke wa ziwani amefungwa, hana pa kwenda. Rangi ya kijani ni huzuni. Mikono imelala kwa sababu amekata tamaa." Wenzangu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mimi nikasema, "Uongo," na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Samahani, Mama?" aliniuliza yule msichana. Nikamwambia miguu ilikuwa ndani ya beseni. Walicheka wote, wakidhani bibi kizee ameanza vituko vyake, na tukaendelea na picha nyingine. Huko ufukweni sikula vizuri. Ninaandika sura hii ya kumbukumbu zangu nikiwa bado na hasira, na sioni sababu ya kuificha. Mtu akisimama mbele ya picha ya mtu niliyemjua, akaniambia amekata tamaa, ananitaka nikae kimya kama kwamba mimi ndiye niliyekatwa miguu. Nilikaa kimya mara moja mbele ya picha ile, tena vibaya zaidi ya kukaa kimya, nilipokuwa na miaka kumi na tisa. Mara moja inatosha.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza shule, nangoja barua ya chuo cha ualimu, na nilikaa kwa Mama Yunia, mdogo wake mama yangu, katika nyumba za kanjo, za halmashauri ya mji, pale Kaloleni. Yake ilikuwa ya vyumba viwili na jiko. Sakafu ya saruji nyekundu tuliisugua kila Jumamosi mpaka ikateleza. Ukuta wa sebuleni ulikuwa umepakwa rangi ya kijani kutoka chini hadi kiunoni, na juu yake chokaa, na viti vilivikwa vitambaa vya kushonwa kwa mkono ambavyo mgeni alivikalia kwa uangalifu, nasi tulivitoa akishaondoka. Dirisha la jikoni lilikuwa na kizingiti kipana, na hapo ndipo Mama Yunia alipokula, akiwa amesimama, sahani ya ugali na mboga ya osuga juu ya kizingiti, macho yake nje kwenye karai la mafuta. Alikuwa mkaangaji wa samaki. Alisimama mbele ya karai kuanzia asubuhi, mlangoni pa mtaa, na watu wa Kaloleni na hata Manyatta waliacha karai za jirani wakaja kwake. Kanisani alipenda benchi la nyuma ili awe wa kwanza kuinuka. Kwenye harusi na matanga ungempata kwenye sufuria. Nilikaa naye miezi minne kabla sijamwona ameketi, na nilipomwona nilidhani anaumwa.

Chumba chetu cha nyuma alikodi mtu anayeitwa Kamande, aliyetoka upande wa Mlima Kenya kutafuta kazi ya kuchora mabango. Mji mzima ulisoma kazi yake bila kujua jina lake: ng'ombe anayecheka kwenye bucha, mwanamke mwenye nywele ndefu kwenye saluni, "Leo Pesa Taslimu Kesho Deni" kwenye kila duka la pili. Lakini chumbani mwake alikuwa na kitabu kilichong'oka majalada, chenye picha za watu wa ng'ambo waliochorwa pua upande na macho mbele, na usiku na mchana alikuwa akikitazama hicho kitabu kama mtu mwingine atazamavyo Biblia. Alimwomba Mama Yunia amchore. Mama Yunia alikataa wiki tatu mfululizo. Siku moja akamwambia, akiwa anageuza samaki wa ngege kwenye mafuta, "Nitakaa ile saa naloweka miguu. Hiyo tu. Maji ikipoa, umemaliza."

Basi kila siku saa tisa, wateja wa mchana wakishaondoka na wa jioni hawajaanza, Mama Yunia aliingia ndani, akavua viatu vyake vya plastiki, akaketi kwenye kiti cha mbao ukutani, akatia miguu yake iliyovimba ndani ya beseni la maji moto na chumvi. Kazi yangu ilikuwa kumimina maji. Nilipiga magoti pale na birika, nikasikiliza.

"Mama Yunia, usisonge," Kamande alisema.

"Nisonge niende wapi na miguu iko kwa maji? Chora."

"Mkono wacha hapo hapo."

"Wewe Kamande, kwenu wamama wanakaa tu hivi wakitazamwa?"

"Kwetu hawakai, Mama. Wanachorwa wakibeba kuni. Hapa wanachorwa wakibeba mtungi. Mimi nataka kuchora mmoja amekaa."

Mama Yunia akaniambia, "Akeyo, ongeza maji." Alitaka lile beseni lisipoe.

Katika hizo siku ndipo alipoanza kuwakosea watu adabu. Alikuja mwenyekiti wa akina mama wa kanisa, mwanamke mwenye kofia na mkoba, ambaye kila mtu alimwinukia hata akiwa anapita tu dirishani. Mama Yunia hakuinuka. Alisema, "Karibu, dada. Kiti iko hapo, chai iko kwa chupa, jimiminie." Mama wa watu akasimama mlangoni akimtazama, akaitazama na ile turubai, kisha akakumbuka ana safari. Nilitaka ardhi inimeze. Jioni nilimwambia Mama Yunia kwamba watu watasema anaringa. Akaniambia, "Waseme. Miaka yote nimeinuka, nani alisema asante?"

Picha ilipokamilika Kamande aliigeuza, na mimi nikasikitika. Nilidhani amemharibu. Majirani waliokuja kutazama walishika vinywa; mmoja alisema mikono ile ingetosha kuvulia samaki mkubwa kama mbuta. Mama Yunia mwenyewe alisimama mbele yake muda mrefu, amefuta mikono kwa kanga. "Hii kijani ni nini?" aliuliza. Kamande akamwonyesha ukuta: jua la saa tisa lilipiga ukuta ule na kumrudia shavuni, na yeye alichora alichoona. "Na jicho?" Kamande akasema hilo la kushoto ndilo lililokuwa likichunga karai kupitia dirishani, halikulala hata siku moja, kwa hiyo limekua. Mama Yunia akacheka. Nikamuuliza Kamande, "Na miguu je? Mbona hukuchora hata beseni?" Akajibu Mama Yunia kabla yake: "Miguu ni yangu. Imepumzika, wacha ikae bila kutazamwa." Kisha akasema kitu ambacho nimekikumbuka kuliko mahubiri yote niliyoyasikia maishani: "Huyu ni mimi ile saa watu wananiita na nimekataa kusikia."

Kosa lililofuata lilikuwa la Kamande, na ni kosa ambalo mtu wa kwetu asingelifanya hata akiwa amelewa. Hapa kwetu picha ndogo ni za walio hai; zinakaa kwenye albamu, au ukutani karibu na kalenda. Picha kubwa ya mtu mmoja, ndani ya fremu, ikipita barabarani, kila mtoto anajua maana yake. Hiyo inatangulia, na jeneza liko nyuma. Kamande alikuwa ameishi Kisumu miaka minne lakini hakuwahi kumzika mtu hapa. Alipeleka picha yake kwa fundi aliye karibu zaidi, Opiyo, na Opiyo alikuwa fundi wa majeneza. Opiyo aliitengeneza fremu nzuri, akaipaka vanishi, na kwa mazoea ya mkono wake akabandika utepe mweusi kwenye pembe ya juu. Kamande aliona utepe umependeza. Akakodi mkokoteni apeleke picha kwenye ukumbi ambako wachoraji walikuwa wakionyesha kazi zao, akaisimamisha ikitazama mbele, akaifunga kamba, na yeye mwenyewe akatembea nyuma polepole, ameinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa akichunga gurudumu moja lisitumbukie shimoni.

Walipofika sokoni wanaume wakavua kofia. Mwanamke mmoja anayeuza mboga akaitazama picha, akaona kile kitambaa cha kichwa ambacho Mama Yunia alikivaa kila siku, akapiga "uwii!" moja ndefu, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzuia chochote. Sisi tulikuwa kwenye karai. Nilimwona jirani yetu mmoja akija mbio, mikono kichwani, akilia, "Akeyo, yawa, Mama yako ametuacha!" kisha akamwona Mama Yunia amesimama na kijiko cha mafuta mkononi, akapiga ukelele wa aina nyingine kabisa na kurudi alikotoka. Mama Yunia aliuliza, "Huyo amekunywa nini?"

Tungeweza kulimaliza jambo lile siku ileile kwa kicheko, lakini gari la samaki la Asembo Bay lilikuwa limeegeshwa sokoni. Dereva alikuwa mtu wa kwao marehemu mume wa Mama Yunia, kule Asembo. Aliondoka akiwa ameona picha kwa macho yake, na alipofika Asembo hakusema "nasikia Yunia amekufa". Alisema, "Picha yake tayari iko barabarani." Kwa watu wanaojua mambo hayo, maana yake ni kwamba mwili unafika jioni. Mzee Ogola, kaka mkubwa wa marehemu mume wake, akaamuru kaburi lichimbwe mara moja, upande wa kushoto wa nyumba ya Mama Yunia ya huko, kama ilivyo desturi. Vijana wakachimba mpaka mwisho. Turubai la matanga likafungwa. Wakangoja, mwili haukuja, na asubuhi yake wakapanda gari lilelile la samaki kuja kuufuata. Walipitia mochwari kwanza. Huko wakaambiwa hakuna jina kama hilo, wakagombana na mlinzi, wakamwita mwizi wa maiti. Kisha wakaja Kaloleni, watu kumi na mmoja, wengine wamevaa nguo zao za matanga, na wakamkuta anakaanga samaki.

Furaha ilikuwepo, sitawasingizia. Wifi yake, Dorsila, alimshika uso kwa mikono miwili akauvuta huku na huku, akalia upya. Mama Yunia aliwaingiza ndani, akapika ugali sufuria kubwa, ngege wa mchuzi, osuga, na wakala, maana waliokuja kukulilia nao wana matumbo. Picha ilikuwa imerudishwa na kuegeshwa ukutani. Mwenye mkokoteni aliposikia vilio aliiacha kwenye kona na kutokomea, na maonyesho yale hatukuyaona. Walipomaliza kunawa, Mzee Ogola akakohoa. Alikuwa mtu mrefu, msafi, mwenye fimbo, na sikumpenda wakati ule, ingawa leo nadhani aliogopa kweli.

"Yunia," alisema, "tunashukuru Nyasaye. Lakini kaburi imechimbwa. Kaburi haiwezi kulala wazi. Ikifunguliwa inangoja."

"Zikeni mgomba wa kukatwa ndani yake, Jaduong'. Si ndiyo watu wanafanya?"

"Mgomba ni ya mtu amepotea, hajaonekana. Wewe umeonekana. Na umeliliwa, soko mzima. Lisemwalo lipo, kama halipo linakuja." Akaielekeza fimbo kwenye picha. "Na sura yako hiyo hapo, imepanda mkokoteni kama ya matanga, imevaa utepe. Hiyo ndiyo tutazika. Iende mahali pako, wewe ubaki."

Mzee mmoja mwenzake alinong'ona kwamba yeye hajawahi kusikia desturi ya kuzika mchoro, na kwamba mgomba unatosha. Ogola akamwuliza kama yuko tayari kujibu siku Yunia atakapoanguka. Kamande, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akasema, "Wacha wachukue, Mama. Kosa ni yangu. Nitachora ingine." Mama Yunia akamgeukia. "Utachora ingine, na mimi utanipata wapi?" Chumba kikawa moto. Dorsila akasema kile si Yunia hata kidogo, Yunia ana shingo nzuri, huyu ni shetani. Mwingine akasema ni Yunia mwenyewe, atazamwe kitambaa. Ndipo ikadhihirika kwa kila mtu kwamba jambo lote lilikuwa hapo: kama ni yeye, azikwe, kama si yeye, wangekuwa wanazika mbao na rangi, na kaburi lisingekubali.

Mzee Ogola akanigeukia. "Wewe msichana ulikuwa hapa ikichorwa. Na wewe umesoma. Huyu ni Yunia ama si Yunia?"

Watu kumi na mmoja wakanitazama. Nilipiga hesabu upesi na kujiona mwerevu. Nikasema, "Si yeye, Baba. Ni mchoro tu. Tazama, hata miguu hana." Nikawasikia wakishusha pumzi. Nikamtazama Mama Yunia nikingoja anishukuru. Alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha mbao, mikono juu ya magoti, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Akeyo, nyathina, mwanangu," alisema, taratibu kabisa. "Jana waliniua kwa makosa. Wewe unaniua kwa kutaka."

Kisha akawaambia wote, bila kuinuka: "Hiyo ni mimi. Sijawahi kuwa na picha nyingine ni mimi kama hiyo. Na haizikwi."

"Basi usikanyage Asembo," alisema Mzee Ogola, naye akainuka, na wengine wakainuka nyuma yake.

Nimefundisha miaka thelathini na moja, na nimeiona hila ile yangu kwa watu wengi wazuri. Tunasema kitu si kile kilicho, ili wenye nguvu wakiache. Tunasema ni mchezo tu, ni maneno tu, ni mchoro tu. Kitu kinapona, na kikishapona hakina thamani tena, kwa sababu sisi tuliokipenda ndio tuliokikana. Ningeweza kumwambia msichana yule wa ukumbini kwamba simlaumu. Yeye alisoma kwenye karatasi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti kwenye beseni lile kila siku, maji ya chumvi yakinirukia mikononi, na bado nikasema si yeye. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mwenye macho mwoga anahitaji kuambiwa kila siku.

Wiki zilizofuata zilikuwa chungu. Wateja wa Manyatta walikuwa wa kwanza kuhama, kisha wa Kaloleni. Hakuna aliyetaka kula samaki aliyekaangwa na mtu aliyekwisha kuliliwa. Akina mama wa kanisa walikuja kumwombea wakiwa wamesimama nje. Kule Asembo kaburi lilifunikwa kwa mabati, na mvua ikaanza, na kila gari la samaki lililokuja lilileta ujumbe uleule: mbuzi wa fulani ametumbukia, mtoto wa fulani anaota ndoto, toeni hiyo picha. Mama Yunia aliwasha moto wake kila asubuhi kama kawaida. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema, akawakaangia wapita njia wasiojua habari zake. Saa tisa aliketi, na sasa aliketi mpaka saa kumi na moja, chini ya ile picha aliyoitundika ukutani mwenyewe kwa msumari wa inchi nne, baada ya kuung'oa utepe. Mimi nilimimina maji bila kumtazama usoni. Hakunigombeza. Ningefurahi kama angenigombeza.

Alhamisi moja aliniambia, "Kesho tunaenda nyumbani." Asubuhi akamwita Kamande ateremshe picha. Nilijua ameshindwa, na nilijua nani amechangia kumshinda. Kwenye gari la samaki alipakia picha ikiwa imefungwa kwa shuka, kile kiti cha mbao, na gunia lililoloa maji ambalo sikujua lina nini. Kamande alikuja pia. Dereva alipotuteremsha alisema, "Umefanya vizuri, Mama Yunia," naye Mama Yunia akamwambia, "Ngoja uone."

Boma lilikuwa limejaa. Mzee Ogola alikuwa ameshapata habari, na wanaume walikuwa tayari wameyaondoa mabati. Shimo lilikuwa na maji kidogo chini, na udongo wake mwekundu ulikuwa umerundikwa pembeni, umemong'onyoka kwa mvua. Mama Yunia alichukua kiti akakiweka ukingoni mwa kaburi lake, karibu kabisa, hata Dorsila akapiga yowe. Akamwambia Kamande aifunue picha na kuiegesha kwenye ukuta wa nyumba, nyuma yake. Halafu akavua viatu, akaketi, akatia miguu yake kwenye udongo mbichi. Wakawa wawili wameketi vilevile, mikono vilevile, mabega yameelemea upande uleule, na watu wakaacha kunong'ona.

"Inuka tuongee, Yunia," alisema Mzee Ogola.

"Naongea nikiwa nimekaa, Jaduong'."

"Umeileta?"

"Nimeileta itazamwe. Na mimi nimekuja nitazamwe. Sijakataa desturi. Shimo itapata kitu leo, haitalala wazi. Mlisema mgomba ni ya mtu amepotea. Sawa. Huu si ule wa kukatwa." Akalifungua lile gunia. Ndani yake mlikuwa na chipukizi la mgomba, lenye mizizi yake na udongo wake, limefungwa kwa majani mabichi. "Huu ni wa kuishi. Fukieni shimo mpaka hapa juu, na huu ukae."

Kulikuwa na manung'uniko. Mzee mmoja alisema haijawahi kufanyika. Mwingine akasema hata kumzika mtu aliye hai haijawahi kufanyika. Mzee Ogola hakumtazama yeyote kati yao. Alinitafuta mimi kwa macho, nikiwa nyuma ya Kamande nimejificha kama mtoto. "Wewe ulisema si yeye," akaniambia. "Mbele ya watu wote ulisema. Leo unasemaje?"

Nilijua akisikia ni yeye atapata haki ya kudai picha ile upya, na nilijua vijana wake wamesimama hatua mbili kutoka pale ilipoegeshwa. Nikawatazama wale wanawake wawili, mmoja wa rangi na mmoja wa nyama. Jicho la kushoto la Mama Yunia lilikuwa limenikazia mimi, na wala halikuniomba kitu.

"Nilidanganya, Baba," nikasema. "Ni yeye. Ni yeye kabisa. Na mtu aliyeketi hivyo hazikwi."

Mama Yunia akasema, "Mmesikia. Shikeni jembe." Wanaume wakasimama, mikono nyuma, kila mmoja akimtazama mwenzake, wote wakimwangalia Mzee Ogola, na Mzee Ogola akiuangalia mgomba. Kamande akapiga hatua. Mama Yunia akamwambia atulie, yeye ni mgeni. Kaburi ni kazi ya wanaume. Hilo nililijua tangu utotoni kama ninavyojua jina langu. Nikaenda kwenye lile rundo, nikachukua jembe lililokuwa limechomekwa juu yake, nikavuta udongo wa kwanza ukaanguka ndani ya maji na kupiga kishindo. Dorsila aliita jina langu. Nikavuta tena. Nilivuta mpaka mgongo ukawaka na malengelenge yakapasuka, na sikumbuki ilikuwa baada ya muda gani nilipoona jembe la pili likifanya kazi upande wa pili, la yule mzee aliyenong'ona siku ile Kaloleni. Baada yake wakaja wengine wawili. Mzee Ogola hakushika kitu, lakini hakuondoka, na hakutuma mtu kuigusa picha.

Shimo lilipobaki na kina cha goti tu, nikaushika mgomba kwa mikono yangu, nikausimamisha katikati, nikaujazia udongo pande zote, kisha nikaanza kuukanyaga kwa miguu miwili, kwa hasira yote ya wiki zile, nikilia waziwazi mbele za watu, nikihakikisha haung'oki.

"Usikanyage sana hivyo, Akeyo," Mama Yunia aliniambia kutoka kitini. "Mizizi inataka hewa."